Jua Nyuma ya Babu

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi nilimfuta babu yangu uso, na kidogo tu nilipe kwa jicho. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani naanza hadithi ya majini. Babu sikumgusa. Nilimpiga picha jioni moja, jua likizama nyuma yake, na picha ikatoka vibaya. Basi. Lakini kwetu Utaita jambo dogo likiingia moyoni mwa mtu mzima haliwi dogo tena.

Siku hizi hiyo ndiyo kazi yangu. Napiga picha za jua likizama na za anga la usiku, kila ninakosafiri. Nimelala ndani ya gari huko Kishushe, ambako ukizima taa yako huoni nyingine, nikingoja nyota zitoke zote. Nimesimama Maungu kando ya barabara kuu madereva wa malori wakinipigia honi, wakidhani nimeharibikiwa. Nimekaa kwenye tope la Ziwa Jipe, viboko wakikoroma karibu kuliko nilivyopenda, kwa sababu ya dakika tano za rangi ambayo mpaka leo sina jina lake. Shangazi yangu Mkawasi huniuliza kila nikienda nyumbani, "Hilo jua si ni lile la jana?" Namwambia ndiyo, ni lile lile. Anatikisa kichwa na kuniongezea chai.

Wenzangu wa kamera wananicheka kwa mazoea mawili. La kwanza, mtu yeyote nikimpiga akiwa amelipa jua mgongo, lazima nimpige tena akiwa amelitazama, hata kama ana haraka. La pili, huwa nazungumza peke yangu kabla ya kubonyeza. Yote mawili yalianzia kwa Babu.

Baba alikuwa dereva wa gari la watalii. Tuliishi Voi mjini, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, na yeye alipita langoni mwa mbuga kila alfajiri akiwa amejaza wageni. Siku moja mama mmoja mgeni, mzee wa nywele nyeupe, akamwachia zawadi: kamera ndogo ya plastiki, na filamu ndani ikiwa imebakisha picha saba. Baba akanipa mimi, kifungua mimba wake, labda ili nipunguze maswali. Hayakupungua.

"Watu hupiga nini na hii?" nilimuuliza.

"Wageni wangu? Wanapiga jua," akasema. "Simba akilala hapo, hatua tano, watampiga mara mbili tatu. Lakini jua likianza kuzama nasimamisha gari, wanatoa vichwa juu ya paa, hakuna anayesema, wanapiga mpaka filamu inaisha."

"Jua letu hili?"

"Hili hili."

Nikaliweka neno hilo moyoni. Picha nzuri ni ya jua. Hakunieleza mengine, na nadhani hata yeye hakuyajua.

Agosti shule zikafungwa nikapelekwa kwa Babu na Nyanya, milimani, upande wa Mgange. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na mwamba mpana, laini, unaotazama magharibi. Ukisimama pale nyika yote iko chini ya miguu yako hadi Taveta, na jioni ikiwa haina ukungu unauona Kilimanjaro umekaa peke yake juu ya mawingu. Kwa watu wa pale huo ulikuwa mwamba wa kuanikia mahindi tu. Nyanya alipenda tu kwamba unakausha upesi.

Babu alikuwa amefanya kazi reli miaka mingi, katika gangi la kukaza vyuma kati ya Voi na Maungu, kisha akastaafu akawa mzee wa kanisa. Alikuwa mtu wa majivuno kidogo, siwezi kuficha. Masharubu yake aliyachana kila asubuhi kwa kichana chake mwenyewe, na kichana hicho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Mimi aliniita "mke wangu", kama mababu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, nami nilimwita "mume wangu", na Nyanya akatuambia sisi wawili tujipikie basi. Hivyo ndivyo tulivyopendana.

Alipoiona kamera aliizungusha mkononi kwanza. Halafu akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, "Na hiyo inaweza kumtoa mtu vizuri?"

"Vizuri kabisa," nikasema. Nilikuwa sijatoa hata picha moja.

Maisha yake yote alikuwa na picha moja tu, ya kipande, kile kitambulisho chake, na katika hiyo alionekana kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa jirani. Kesho yake akanyoa ndevu. Akavaa koti lake la reli lenye vifungo vya shaba, tai ya kuazima, na kofia ambayo baadaye aliivua kwa ajili ya masharubu. Alinikuta nimeshamaliza picha sita kwa mbuzi, kwa paka, na moja kwa mguu wangu mwenyewe, kwa bahati mbaya. Ilibaki moja.

"Mke wangu," akasema, "nitoe kama mtu."

Nikamwambia tungoje jioni. Akangoja, na koti lake, kwenye joto. Jua liliposhuka kando ya Kilimanjaro nikamsimamisha katikati ya mwamba, mgongo wake magharibi, uso wake kwangu. Nikachungulia kwenye kile kidirisha kidogo. Jamani, ilikuwa nzuri. Anga lote lilikuwa dhahabu, na Babu katikati, wima, mikono imenyooka kama askari. Kwa jicho langu nilimwona mzima, mpaka vifungo. Sikujua bado kwamba jicho humsamehe mtu aliyesimama gizani, lakini filamu haimsamehi. Nikabonyeza.

Baba akaichukua filamu kwenda kuiosha Voi. Zikapita wiki mbili. Katika wiki hizo mbili Babu aliwatangazia watu wa kanisani, watu wa kinu cha unga, na mtu mmoja aliyepita njiani akitafuta ng'ombe wake, kwamba picha yake inaoshwa Voi.

Baba alipanda mlimani na picha Jumamosi usiku. Babu akasema zisifunguliwe mpaka Jumapili, watu wakitoka kanisani. Wakaja, kama kumi hivi, wakakaa uani na chai. Bahasha ikafunguliwa. Mbuzi, mbuzi, paka. Mguu wangu, wakacheka kidogo. Kisha ikatoka ile ya mwisho, na uani pakanyamaza, kwa maana lile anga lilikuwa jambo. Hakuna aliyewahi kuona jioni yetu imeshikwa hivyo kwenye karatasi. Ikapita mkono hadi mkono, polepole, hadi kwa Mzee Kilambo, jirani.

"Nzuri," akasema Mzee Kilambo. "Lakini gogo hili mliliacha hapa la nini?"

Katikati ya dhahabu yote ile palikuwa na kitu cheusi, kimesimama. Hakikuwa na macho, hakikuwa na vifungo. Hata masharubu hayakuwepo.

"Ni Babu," nikasema.

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mmoja akasema, "Mwenzetu ameshakuwa mzimu na hata hatujachimba kaburi." Babu naye alicheka, tena kuwashinda wote. Akaichukua picha, akaitazama, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Nami nikacheka kwa sababu yeye alicheka. Nilikuwa na miaka kumi. Sikujua kwamba kuna kicheko cha kufungia mlango.

Jioni ile akaniita. "Mghoi, lete maji ya kunawa."

Mghoi ni jina langu. Lakini Babu hakuwahi kuniita hivyo.

Siku ya pili macho yakaanza kuniwasha. Ya tatu yakavimba yakafunga, yote mawili, yakitoka usaha. Nyanya akaniosha kwa maji ya chumvi, kisha akanibeba mgongoni, msichana mkubwa mimi, hadi zahanati. Tukapewa dawa ya kupaka. Jicho la kulia likatulia kidogo, la kushoto likazidi. Jumatano tukarudi, na muuguzi akanifungua kope kwa vidole.

"Hili lina kidonda," akamwambia Nyanya, taratibu, akidhani sisikii kwa kuwa sioni. "Nabadilisha dawa. Mkiona mpaka Ijumaa bado hivi, mpelekeni Mombasa kwa daktari wa macho, msingoje. Likipasuka hakuna la kufanya."

Nyanya akanibeba tena njia nzima ya kurudi. Nilisikia pumzi yake tu, na moyo wake mgongoni ukigonga kifua changu. Niliogopa sana. Nilijaribu kukumbuka mwisho niliona nini kabla macho hayajafunga, nikakumbuka sufuria, na nikasikitika kwamba kitu changu cha mwisho kitakuwa sufuria.

Hapa inabidi nieleze. Kwetu wazee walisema hasira ya mtu mzima haikai ilipowekwa. Ukiificha, hutoka yenyewe ikaenda kumshika mtoto wa nyumba hiyo, hata kama mwenyewe hakutaka. Si uchawi. Mchawi hukusudia, na hii hutoka kwa mtu anayekupenda, akiwa amelala. Dawa yake ni kutasa. Mtu husema kilicho moyoni mwake, akapiga funda la maji, au la maji ya miwa, kisha akalipuliza nje likatawanyika kama manyunyu, na hasira ikatoka nalo. Sharti ni moja tu, aseme kweli.

Nyanya alikuwa Mkristo wa kushika sana, haimbi wimbo ila wa kanisa. Lakini mchana ule aliwakusanya watu wa nyumba yake jikoni, akachota maji kwenye kikombe cha bati, akaniketisha katikati na leso safi imefungwa machoni.

"Kila mtu aseme," akasema. "Naanza mimi. Nina hasira na mama wa mtoto huyu, hajaniletea salamu tangu Pasaka. Nimeitoa." Nikasikia maji yakipuliziwa, na matone yakaniangukia mikononi.

Shangazi Mkawasi akafuata. "Alimwaga unga wangu akikimbizana na mbuzi. Nilimtukana kimoyomoyo. Nimeitoa."

Kikombe kikafika kwa Babu. Alikuwa amesimama mlangoni, nadhani akitazama kama kuna mtu wa kanisa anayepita.

"Mimi sina kitu na mtoto," akasema. "Awe mzima." Akapuliza upesi.

"Baba Mwadime," Nyanya akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, yaani baba yangu, "hiyo si kutasa. Hiyo ni kusukutua mdomo."

"Nimesema sina kitu."

"Wiki hii yote unakula ugali nusu. Panga umelinoa mpaka limekuwa kisu. Mficha maradhi, kifo humfichua, na hapa hakitakufichua wewe. Kitaondoka na jicho la mtoto."

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Na Mungu anakuona hivyo hivyo."

Akatoka. Nikasikia viatu vyake vikienda kwa mbuzi, halafu nikasikia lile panga tena juu ya jiwe, swaa, swaa, swaa, muda mrefu. Nilijua sasa hasira ile ilikuwa ya nani, na ilikuwa juu ya nini. Nililia chini ya leso, na machozi yalichoma kidonda, nikajilazimisha kuacha.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka aliporudi. Akanishika mkono akasema, "Simama."

Aliniongoza nyuma ya nyumba. Niliujua mwamba kwa nyayo, ulikuwa na joto la mchana mzima. Tukakaa. Uso wangu ulihisi jua mbele, kama mtu amefungua mlango wa jiko.

"Baba yangu," akaanza, "simjui uso. Alikufa mimi natambaa. Nilipokuwa kijana walinipeleka pangoni, kule walikowekwa wazee. Unajua mafuvu yao yaliwekwa kule."

Nilijua. Kila mtoto wa Kitaita alijua, na hakuna aliyecheza karibu na huko.

"Wakanionyesha moja, wakaniambia huyu ndiye. Nikaliangalia sana, nitafute kama tunafanana. Fuvu halina uso, mtoto wangu. Lina meno tu. Nikarudi nyumbani vile vile nilivyokwenda." Akakohoa. "Sasa mimi nilitaka mtu atakayezaliwa baadaye ajue nilikuwa na pua gani. Basi. Nikavaa koti. Na wewe ukanitoa kama yule wa pangoni, na watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini ndani nilitaka kukuchapa. Nimetaka kukuchapa siku zote hizi, na ninakupenda, na nimeshindwa kulisema kwa sababu ni aibu, mzee mzima kumkasirikia mtoto kwa picha."

"Nisamehe Babu," nikasema. "Mimi nilikuona. Nilikuona hata vifungo."

Nilisikia akivuta pua.

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuuliza. "Jua likoje sasa?"

"Likoje namna gani?"

"Nisomee. Mimi silioni."

Nadhani ndipo alipoinua macho kweli. Mtu huyu alikuwa ameishi miaka sitini na kitu juu ya mwamba ule, na jioni kwake ilikuwa saa ya kufungia mbuzi.

"Limegusa," akasema. "Limegusa pale chini, kando ya Kilimanjaro. Limekuwa kubwa. Ni jekundu kama kutu ya reli iliyonyeshewa. Unaijua?"

"Naijua."

"Juu yake ni papai. Papai lililoiva, lililokatwa. Halafu juu tena sijui, si kijani, si samawati. Mlima umetoa kichwa. Ile theluji yake imekuwa kama ulimi wa ndama." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imeshuka, ile sauti ya mtu aliyeingia mahali ambapo hakutarajia kuruhusiwa. "Kumbe iko hivi kila siku? Mimi jua hili nimelipa mgongo miaka yote. Sasa limezama nusu. Nyika yote chini ni majivu, majivu yenye kaa ndani. Linakwenda. Ngoja. Linakwenda."

Akanyanyua kikombe. Alikuwa amekibeba, sikujua. Nikasikia akipiga funda, akalishikilia mdomoni kidogo kisha akalimeza, akapiga jingine, nalo akalimeza.

"Hasira niliyo nayo," akasema kwa sauti kubwa, haikuwa ya kumficha mtu wa kanisa wala nani, "ni hii ya picha. Ni ya kuchekwa. Iko hapa kifuani na naitoa. Iende na jua hilo, izame nalo, isirudi kesho. Macho ya mke wangu yafunguke."

Akapiga funda la tatu, akalipuliza. Lilitoka refu. Upepo wa jioni ukalirudisha, nikaoga manyunyu yale usoni, baridi, wakati ule ule joto la jua liliponitoka kwenye mashavu. Nimepiga picha jua likizama mara zisizo na hesabu tangu hapo, mahali pazuri kuliko pale, na bado machweo makubwa kuliko yote niliyowahi kuyashuhudia ni yale niliyofungwa leso.

Lakini kilichonifanya nilie, kidonda au si kidonda, ni kwamba alikuwa amesema "mke wangu".

Hatukuondoka. Alisema tungoje. Baadaye akasema, "Nyota moja imetoka. Ile ya jioni." Halafu, "Mbili. Nne." Halafu akaacha kuhesabu, akaniambia tu zimejaa, zimejaa, kama unga uliomwagika, na Nyanya akatuita mara tatu tusiitike.

Ijumaa jicho la kulia likafunguka. La kushoto lilichukua siku sita zaidi. Hatukwenda Mombasa. Mtu akiniuliza kilichoniponya ni nini, namwambia ukweli wote: dawa mpya ya muuguzi niliianza Jumatano ile ile. Muuguzi alisema ni dawa. Nyanya alimshukuru muuguzi akampelekea ndizi, na hakubishana naye, wala hakukubaliana naye. Mimi nimekaa katikati ya hao wawili mpaka leo na sijaona sababu ya kuhama.

Desemba Baba akaninunulia filamu mpya nzima. Babu akavaa koti. Mwezi huo jua linakuwa limehama, linazama upande wa milima ya Upare, kwa hiyo ilibidi tusogee ukingo mwingine wa mwamba. Akaenda mwenyewe akasimama vilevile kama mara ya kwanza, jua mgongoni, mikono imenyooka.

"Geuka, mume wangu," nikamwambia.

"Nigeuke? Na jua lako litaonekana wapi?"

"Litaonekana kwako."

Akageuka. Nikaenda mbele yake, nikalipa jua mgongo mimi. Mwanga ulimjaa usoni, ukaingia kwenye kila mkunjo, masharubu yakawaka, na macho yakamtoka machozi kwa ukali wake lakini hakuyafumba. Pua yake ni pana, imepinda kidogo kushoto. Inajulikana hata kwa mtu ambaye atazaliwa baada ya mimi kufa.

Picha ile ndiyo iliyotangulia jeneza lake, nilipokuwa nimeshaanza kazi. Mzee Kilambo, naye amebaki mifupa, aliishika kwa mikono miwili akaitazama. "Huyu ndiye," akasema.

Mwezi uliopita nilikuwa Taveta, na kijana wa bodaboda akanisimamisha njia ya migombani. "Mathe, nitoe kivuli," akasema, "jua liwe nyuma, uso usionekane. Niweke kwa simu." Nikamtoa alivyotaka, na ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya, hizi picha za vivuli watu wanazipenda na mimi ndizo zinazonilisha. Kisha nikamwambia ageuke. Akalalamika jua linamuumiza. Nikamwambia avumilie kidogo. Alipoziona zote mbili aliitazama ya pili muda mrefu, akaomba nimtumie hiyo kwanza, ampelekee mama yake.

Nilipomaliza naye jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja tu lizame. Nikafungua chupa ya maji. Jioni hiyo nilikuwa nimegombana na mtu kwa simu, nikalitaja jina lake na kosa lake, nikapiga funda, nikalipuliza vichakani. Halafu nikaegesha jicho kwenye kamera, la kushoto, ninalolitumia siku zote ingawa la kulia ndilo zima.

Kile kidonda kiliacha kovu. Daktari wa macho Voi alinionyesha, doa dogo ukingoni mwa mboni, akasema si la hatari, na kwamba kuna namna ya kulishughulikia nikitaka. Sikutaka. Mchana silioni. Ila nikitazama jua likizama, mahali popote pale, linajitokeza pembeni mwa ile dhahabu, jeusi, limesimama wima, halina macho wala vifungo.

Wenzangu wakinisikia nikinong'ona huuliza nasema na nani. Nasema na huyo.

"Geuka, mume wangu," namwambia, kisha nabonyeza.